Kutoka Lubumbashi Hadi Kilwa: Likizo ya Agosti kwa Basi, Treni na Mashua

Malori ya shaba yanayotoka Katanga, kusini mwa Kongo, hupita mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia usiku na mchana, na mengi yao huishia bandari ya Dar es Salaam. Kabla ya malori, katika karne ya 19, shaba na pembe za ndovu za Mfalme Msiri wa Bunkeya zilifika pwani ile ile juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, na watu waliouzwa walitembea njia hiyo bila kurudi. Ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari ya Lubumbashi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi habari za Bagamoyo na Kilwa bila kuwahi kuiona bahari. Agosti 2024, shule zilipokuwa zimefungwa, niliondoka na mdogo wangu wa kiume, ambaye hufanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha shaba, twende tukaione pwani hiyo.

Mpango wetu wa kwanza ulikuwa na Zanzibar ndani yake, na tuliifuta mapema. Kila mtu anayetoka kwetu akisema anakwenda baharini huwaza Zanzibar, lakini kwa likizo ya mwalimu na mfuko wa mwalimu, kuongeza kisiwa hicho juu ya Bagamoyo, Pangani na Kilwa kungemaanisha kuyaona yote kupitia dirisha la basi. Tukakubaliana kwamba kila mahali pa pwani tutalala angalau usiku mbili, na hatukujuta.

Kabla ya kuondoka tulikusanya pasipoti, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano (bila hiyo mtu anayetoka Kongo asitegemee kuvuka), na dola safi zisizochanika. Masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo ulizeni kwenye balozi za Zambia na Tanzania kabla ya kununua tiketi yoyote.

Jumamosi: Lubumbashi – Kasumbalesa – Kitwe

Teksi ya pamoja kutoka mjini ilitutoza faranga 20,000 kila mmoja. Ni mwendo wa kilomita 90 hivi, lakini saa za kufika hazitabiriki, kwa sababu msururu wa malori huanza mbali kabla ya mpaka, na magari madogo hujipenyeza pembeni kwenye vumbi. Tulisimama muda mrefu kando ya lori lililobeba mabamba ya shaba. Dereva wake, Mtanzania wa makamo aliyekuwa akisubiri zamu yake tangu juzi, alitusikia tukizungumza Kiswahili, akatumiminia chai kutoka kwenye chupa yake na kutueleza bei za mabasi mpaka Mbeya. “Dada,” aliniambia, “badilisheni kwacha za kuwatosha siku mbili tu. Zikibaki, Tunduma mtazibadilisha kwa hasara.” Ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa.

Baada ya kugongewa mihuri pande zote mbili tulipanda basi dogo hadi Kitwe, tukapitia Chililabombwe na Chingola, miji ya migodi inayofanana sana na ya kwetu. Tulilala karibu na kituo cha mabasi ili tuwahi alfajiri.

Jumapili na Jumatatu: Barabara Kuu ya Kaskazini

Tulikuwa tumefikiria treni ya TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, lakini siku zake hazikulingana na zetu. Basi la Nakonde lilitugharimu kwacha 500 kila mmoja. Kutoka Kapiri Mposhi hadi mpakani ni zaidi ya kilomita 800 za misitu ya miombo na magunia ya makaa kando ya barabara, na sina mengi ya kusema kuhusu sehemu kubwa ya njia hiyo.

Mbele ya Serenje, hata hivyo, kuna njia inayochepuka kwenda Chitambo, alikofariki David Livingstone tarehe 1 Mei 1873. Moyo wake ulizikwa hapo chini ya mti, na mwili uliokaushwa ukabebwa na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Sisi tulikuwa tumeketi kwenye viti na bado tulilalamikia magoti.

Kabla ya Mpika mkanda wa injini ulikatika. Abiria walishuka, wengine wakalala kwenye nyasi, na kondakta akaondoka kwa gari la kuomba kwenda kutafuta mkanda mwingine. Mama mmoja wa kijiji kilichokuwa karibu alitukuta tukitafuta kivuli. Nilimsalimu kwa Kibemba tulichokipata kwa nkambo wetu mzaa mama, naye akacheka kwa lafudhi yangu, akatuingiza katika jiko lake na kutupa viazi vitamu vya kuchemsha pamoja na karanga. Alikataa noti tuliyompa, kwa hiyo mdogo wangu akamwachia mtoto wake sabuni mbili tulizokuwa nazo. Basi liliporudi barabarani jua lilikuwa limekwisha kuzama, na kwa kuwa sheria ya Zambia ya 2016 ilizuia mabasi ya abiria kusafiri usiku, tulilala vitini katika kituo cha Mpika mpaka alfajiri. Wanaotaka kufuata njia hii wachukue blanketi, kwani Agosti nyanda hizo zina baridi kali usiku.

Nakonde na Tunduma ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Tulivuka kwa miguu mchana wa Jumatatu, tukasogeza saa zetu mbele kwa saa moja. Kuna jambo jingine la saa ambalo Wakongo wenzangu walitilie maanani: sisi nyumbani husoma saa kama ilivyo ukutani, ilhali Tanzania huhesabu kuanzia mapambazuko. Ukiambiwa basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, uwe kituoni kabla jua halijatoka. Kuanzia hapa ninaandika saa kwa hesabu yao.

Jumanne na Jumatano: Iringa na Kalenga

Basi la kutoka Tunduma lilipita Mbeya na Makambako na kutufikisha Iringa jioni kwa shilingi 35,000 kila mmoja. Mji uko juu ya kilima, barabara zake zina miti, na chakula cha kwanza cha heshima tangu nyumbani kilikuwa hapo: ugali, ambao mdogo wangu aliuita bukari bila kumwomba mtu ruhusa, kwa maharage na mboga za majani.

Tulisimama Iringa kwa ajili ya Kalenga, kijiji kilicho umbali wa kilomita 15 hivi, ambako kuna makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 watu wake waliangamiza kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wake, Zelewski. Mkwawa aliendelea kupigana hadi alipojiua mwaka 1898 asikamatwe, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, na fuvu likarudishwa 1954. Sasa limewekwa ndani ya kioo katika chumba kidogo. Nilisimama mbele yake kwa muda, nikifikiria kwamba miezi minne tu baada ya Lugalo, tarehe 20 Desemba 1891, Msiri wetu aliuawa kwa risasi Bunkeya. Katika vitabu vyetu vya shule habari hizo mbili ziko katika sura tofauti, kana kwamba zilitokea katika dunia mbili.

Kwenda Kalenga, chukueni daladala kutoka mjini na mwombe kondakta awashushe kwenye njia ya makumbusho. Bodaboda ni za haraka zaidi lakini vumbi lake halisemeki.

Alhamisi: Kitonga, Mikumi na treni ya umeme

Hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote ya barabara. Baada ya Iringa basi huteremka mlima Kitonga kwa kona zinazobana, malori yakipanda taratibu upande wa pili, kisha bonde hufunguka na kujaa mibuyu mpaka Ruaha Mbuyuni, ambako wauza vitunguu hukimbilia madirishani na vikapu vyao. Baadaye barabara hukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Tuliona twiga, swala na nyani bila kulipa kiingilio, na dereva alipunguza mwendo, kwa sababu anayemgonga mnyama hutozwa faini.

Tulishuka Morogoro kwa makusudi. Treni ya umeme kati ya Morogoro na Dar es Salaam ilikuwa imeanza kubeba abiria Juni mwaka huo huo, na nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Tiketi hukatwa kwa kitambulisho, na mgeni huonyesha pasipoti. Stesheni iko nje ya mji, hivyo wekeni akiba ya muda. Mwendo wenyewe haukufika saa mbili. Mdogo wangu, aliyekulia karibu na reli ya Lubumbashi na anayejua treni zetu zinavyokwenda, alibandika uso dirishani na kuniambia, “Yaya (ndivyo tunavyomwita dada mkubwa), hii haitikisiki hata kidogo.” Dar es Salaam tulilala tu.

Ijumaa hadi Jumapili: Bagamoyo

Mabasi madogo ya Bagamoyo huondokea kituo cha Makumbusho, na tulilipa shilingi 3,500 kila mmoja. Chumba chenye feni na chandarua, umbali mfupi kutoka ufukweni, kilikuwa shilingi 40,000.

Bahari tuliiona kwanza sokoni kwa samaki. Ilikuwa saa kumi alasiri na mashua zilikuwa zimerudi. Wanaume walibeba samaki mabegani, wakipita majini mpaka kiunoni, mnada ukapigwa mchangani, na kina mama wenye makarai ya mafuta wakaanza kukaanga papo hapo. Tulikula changu wa kukaanga kwa mihogo na pilipili, tumesimama, vidole vikituungua. Mdogo wangu alishuka majini na viatu mkononi, akaonja maji kwa ncha ya ulimi ili athibitishe alichoambiwa utotoni.

Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni mfupi. Mtu mwenye miguu mizuri huumaliza asubuhi moja: boma la Wajerumani lililojengwa 1897, nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, nyingi zikiwa magofu, na jengo la misafara ambalo sasa ni makumbusho. Bagamoyo ulikuwa mji mkuu wa Wajerumani mpaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Mwaka huo huo msafara wa Kapteni Stairs, uliokodiwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwenda kuichukua Katanga, ulianza mwendo wake kutoka hapa. Nilimwambia kijana aliyekuwa akituongoza kwamba watu waliomuua mfalme wetu walijitayarishia katika mji wake. Alinyamaza kidogo, kisha akatupeleka ufukweni kutuonyesha mahali ambapo wapagazi walikuwa wakipangwa mizigo, na hapo akakataa kabisa nyongeza ya malipo.

Upande wa kaskazini wa mji kuna misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868. Mnara wa kanisa lake la zamani ndimo mwili wa Livingstone ulimolala Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Kaole, kilomita tano hivi kusini, ni ya kale zaidi: msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo za mawe, katikati ya minazi. Nendeni asubuhi, kwani adhuhuri jua halina huruma na kivuli ni kichache.

Neno kwa wenzangu wa Lubumbashi: hapa mkubwa huamkiwa “shikamoo,” hata na mgeni. Tulipoanza kuitumia kwa moyo, bei za mama lishe nazo zikalegea.

Jumatatu hadi Alhamisi: Pangani na Ushongo

Ramani inaonyesha Pangani kuwa moja kwa moja kaskazini, kupitia Saadani, lakini barabara hiyo ya pwani ilikuwa bado inajengwa, na mabasi ya uhakika huzunguka kupitia Msata na Segera hadi Tanga. Siku nzima ilikwenda kwa mashamba ya mkonge. Tanga tulikula na kulala, na asubuhi tukapanda basi la Pangani kwa shilingi 4,000 katika barabara ya vumbi iliyojaa mitambo ya wakandarasi.

Pangani umejikunja kwenye mdomo wa mto, umelala kiasi kwamba mbuzi huvuka barabara kuu bila haraka. Ni hapa Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi ya Kampuni ya Kijerumani kuanzia 1888, aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu mbele ya jengo la forodha alitusikiliza tulivyotamka maneno yetu, akauliza tunatoka wapi, na aliposikia Kongo akamwita mjukuu wake alete viti. Alitusimulia habari za mji kwa saa nzima na hakutaka chochote ila tumweleze jinsi shaba inavyoyeyushwa. Mdogo wangu alichora tanuru mchangani kwa kijiti.

Tulivuka mto kwa kivuko hadi Bweni, daraja jipya likiwa bado linajengwa, na bodaboda zikatupeleka Ushongo, kilomita 15 hivi kusini, kwa shilingi 10,000 kila moja. Kijiji ni mstari wa nyumba za makuti na minazi, ngalawa zimevutwa juu ya mchanga, na watoto wakitoka shule. Kuna mahoteli ya bei kubwa, lakini nasi tulipata chumba katika nyumba ya mama mmoja aliyetupikia wali wa nazi, samaki wa kupaka na kisamvu cha tui. Sombe, yaani kisamvu cha kwetu cha mafuta ya mawese, bado naiweka mbele, na nilimwambia hivyo. Alicheka na kunitaka nimletee hayo mafuta mwakani.

Kisiwa cha Maziwe kiko mbele ya Ushongo. Zamani kilikuwa na miti na kasa wengi walitaga huko; sasa ni tuta la mchanga linalofunikwa na maji yakijaa, na ni hifadhi ya bahari. Agosti ni majira ya kusi, upepo mkali wa kusini, kwa hiyo nahodha alituahirisha siku moja, na ya pili alitutoa saa moja asubuhi kabla upepo haujakaza. Wekeni siku ya akiba, msimsukume nahodha. Maji juu ya matumbawe yalikuwa ya kijani kiasi cha kutotosheka kuyatazama, na mimi nisiyejua kuogelea niliyatazama kutoka kwenye mashua, nimeshika ubao kwa mikono miwili.

Ijumaa hadi Jumatatu: Kilwa

Tulirudi Dar es Salaam kwa basi na kesho yake alfajiri tukaondokea Mbagala kuelekea kusini, shilingi 18,000 kila mmoja. Mvua za mwaka huo na kimbunga Hidaya cha Mei zilikuwa zimekata barabara eneo la Somanga, na mahali pengine tulipita kwenye vipande vya muda, basi likienda kwa mwendo wa mtu. Mabasi ya Lindi na Mtwara hayaingii Kilwa Masoko, huwashusha abiria Nangurukuru, kwa hiyo chagueni linalofika Masoko lenyewe.

Kibali cha kuona magofu hukatwa katika ofisi ya Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na ni lazima kufuatana na mwongozaji.  Mashua ya tanga ilituvusha kwenda Kisiwani kwa muda mfupi, mawimbi yakitulowesha, na kitu cha kwanza kuonekana ni Gereza, ngome iliyosimama mahali ambapo Wareno walijenga yao baada ya kuuteka mji mwaka 1505.

Hakuna kitabu kilichonitayarisha kwa Msikiti Mkuu. Sehemu ya zamani ni ya karne ya 11, na ile kubwa iliongezwa karne ya 14, kuba juu ya kuba, nguzo za mawe ya matumbawe zikifuatana ndani ya kivuli. Ibn Battuta alipofika 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu, na Husuni Kubwa, jumba lililojengwa kwa ajili ya sultani huyo juu ya jabali, lina birika la kuogelea lenye pande nane ambalo kingo zake bado zinaonekana. Utajiri ulitoka kwenye dhahabu ya bara iliyopitia bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Hapo mwongozaji akatuonyesha kwenye simu picha za sarafu za Kilwa: ni za shaba, zenye majina ya masultani na maandishi ya Kiarabu ya vina, na baadhi yake ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Mdogo wangu alimpa maelezo ya namna ya kutambua shaba safi kwa rangi ya mkato, nao wawili wakasahau kabisa kwamba mimi ndiye niliyelipa ziara.

UNESCO iliyaandikisha magofu haya mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya yaliyo hatarini 2004 na kuyatoa 2014 baada ya ukarabati. Watu wanaishi katikati yake. Mama mmoja alituuzia madafu chini ya ukuta wenye umri wa karne saba na kutuonyesha kisima ambacho hutekwa mpaka leo.

Jumatatu tulikwenda Kilwa Kivinje kwa bodaboda. Bandari hii ya misafara ya karne ya 19 haitembelewi sana, na nyumba zake za mawe zinaporomoka, lakini chai ya tangawizi na vitumbua vya asubuhi vilikuwa vizuri kupita vya Masoko.

Kurudi tulifuata njia ile ile bila kusimama ila kulala. Kwa wawili, kila kitu pamoja, tulitumia dola 900 hivi, na zaidi ya nusu zilikwenda kwenye nauli. Mwenye likizo fupi zaidi aache Pangani, asiache Kilwa. Mwenye watoto afanye kinyume, kwa kuwa Ushongo wanaweza kucheza siku nzima, na Kilwa kuna jua kali na kutembea kwingi. Anayetaka bahari tulivu asubiri kusi ipite, aende kuanzia Septemba mwishoni, ila walimu hatuna uchaguzi huo.